Kabla hujamaliza kidato cha sita: vyeti visomwe herufi kwa herufi

Mwanafunzi uliyeko Kasulu, Kibondo, Uvinza au hapa mjini Kigoma, na wewe mzazi wake, haya yamalizeni kabla ya mtihani wa Mei. Msingoje matokeo.

Kusoma, hilo mnalijua. Fanya mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya miaka iliyopita ukiwa na saa mezani na daftari mbali, kisha mpelekee mwalimu asahihishe.

Kama bado uko kidato cha nne, tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, usichague kwa kumfuata rafiki. Anayetaka udaktari anahitaji Fizikia, Kemia na Baiolojia; akienda HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), njia hiyo imefungwa. Shahada kwa kawaida inataka principal mbili (masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4 au zaidi, lakini kila kozi ina masharti yake, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Maombi unapeleka mwenyewe, chuo kwa chuo.

Sasa vyeti.

Mdogo wangu alifaulu vizuri na chuo alipata. Huku kwetu wengi tunachanganya R na L tukitamka, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa tatizo. Bibi ndiye aliyempeleka darasa la kwanza, akataja jina la ukoo, mwalimu akaliandika kwa L. Cheti cha kuzaliwa mama alikuja kukifuatilia miaka mingi baadaye, kikatoka na R. Tukakiweka kwenye bahasha, tukaona tumemaliza. Siku ya kuomba mkopo wa chuo tulikaa steshenari moja pale Mwanga. Kijana wa steshenari akaingiza namba ya mtihani wa kidato cha nne, jina likaja lenyewe na L yake. Akakitazama cheti, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Kaka, huyu ni mtu mmoja?"

Tukaanza kuhangaika na wakili, kiapo, hati ya jina (deed poll) na usajili wake. Dirisha la mikopo likafungwa karatasi zikiwa bado njiani. Ada hatukuwa nayo. Mwaka mzima kijana mwenye matokeo yale alishinda Kibirizi akimsaidia mama kuanika dagaa, na wenzake wakimpigia simu kutoka chuoni alikuwa hapokei. Herufi moja tu.

Kwa hiyo leo jioni toeni cheti cha kuzaliwa, jina linalotumika shuleni, na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) kama ipo. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole: majina matatu, mpangilio wake, tarehe ya kuzaliwa. Kukiwa na tofauti, nenda kwa mkuu wa shule kabla watahiniwa wa kidato cha nne hawajasajiliwa. Umeshapita hapo? Muone wakili sasa, usingoje Julai. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na aliyefiwa na mzazi ahakiki cheti cha kifo pia.

Mdhamini wa mkopo mwambie mapema. Kwenye maombi tumia namba yako ya simu, si ya mwenye steshenari, na nywila iandike mahali. Anayekwambia umpe hela akupitishie mkopo ni tapeli, hata akiwa jirani. Toa nakala za kila kitu. Vyeti halisi safiri navyo mwilini, usiviache kwenye begi: hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na usiku kucha watu wanapanda na kushuka.