Kiberiti cha Kariokor: kutambua kazi ya mikono na kumlinda aliyeifanya

Kwenye kibanda changu hapa soko la Kariokor, Nairobi, hakikosi kiberiti, na mimi sivuti sigara. Ni cha kuchomea nyuzi za vyondo, vikapu vyetu vya kusukwa, nijue ni mkonge au plastiki.

Miaka kadhaa iliyopita nilichukua vyondo 40 kwa mfanyabiashara aliyeniapia kuwa vimesukwa kwa mkonge na akina mama wa Machakos. Bei ilikuwa tamu mno. Nami, binti wa mama aliyesokota mkonge pajani mpaka ngozi ikaota sugu, nikajifanya sioni. Nikavitia mishipi ya ngozi, nikauza. Mteja mmoja akanirudishia chake: cheche ya jiko ilikidondokea, ikaacha tundu lenye ukingo mgumu unaong'aa. Mkonge hauyeyuki. Nilimrudishia pesa zake na aibu ikabaki kwangu.

Kwa hiyo anza na moto. Omba ruhusa, chomoa unyuzi mmoja kutoka ndani ya kiondo, uuwashe. Mkonge huungua kama karatasi, hunuka majani makavu, huacha jivu unaloweza kulisaga kwa vidole. Plastiki hujikunja na kuacha kidonge kigumu. Kisha geuza kiondo utazame kitako. Msusi huanzia katikati pale chini, huzunguka akipanda, akiongeza nyuzi za kusimama kadiri kitako kinavyopanuka. Ukifuatilia kwa kidole utaona alipoongeza. Uzi wa pajani haulingani, hapa mnene, pale mwembamba. Ukiukuta uko sawasawa toka chini hadi juu, umetoka kiwandani.

Lakini usikimbilie kupiga kelele kuwa ni bandia. Vikundi vingi siku hizi husuka kwa uzi wa dukani, na mikono iliyosuka ni ya kweli kabisa. Kosa ni la muuzaji anayekuambia ulisokotwa pajani ili akuongezee bei. Shanga nazo ni vivyo hivyo: hata zile za kwenye mikufu ya Kimaasai hutoka ng'ambo, na zimetoka huko tangu zamani. Cha kuangalia ni mkono ulioziunga, hasa mafundo ya upande wa nyuma.

Jiwe la Kisii, lile laini la kuchonga vinyago linalochimbwa Tabaka, ni baridi ukilishika na zito kuliko linavyoonekana. Likwaruze kidogo chini kwa msumari, litatoa unga. Kinyago cha plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu hupata joto la mkono upesi, na ukipitisha kidole ubavuni utahisi mstari pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Weka vinyago vya viboko watatu bega kwa bega. Kama wote wana kasoro ileile kwenye sikio lilelile, hakuna fundi hapo.

Kwa mpingo, adui ni rangi ya viatu. Chukua kitambaa cheupe, kitie mafuta kidogo, sugua chini ya kinyago. Kitambaa kikiwa cheusi, umeuziwa mti mwingine uliopakwa. Mpingo wenyewe ni mzito kiasi cha kuzama majini. Mchongaji mkweli wa Wamunyu, kijiji cha wachongaji wa Kikamba, atakuambia bila kuona haya kwamba siku hizi anachonga mwarobaini au mjakaranda, maana miti ya zamani imeadimika. Tena, ukisikia hadithi ya vinyago vya Wakamba vyenye miaka elfu, cheka tu. Biashara hiyo aliianzisha Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ujuzi aliupata Tanganyika.

Sasa upande wa fundi, ambao ndio unaoniuma zaidi. Kuna mtu huja na gari zuri, huahidi oda ya vikapu 500, huondoka na sampuli mbili za bure. Baada ya miezi unaona muundo wako umetengenezwa kwa mtambo. Usitoe sampuli bila malipo na bila karatasi iliyotiwa sahihi.

Muundo mpya ulioubuni mwenyewe unaweza kusajiliwa katika Taasisi ya Miliki ya Viwanda, KIPI. Ulinzi ni wa miaka 5, na huhuishwa mara mbili. Usiuanike sokoni kabla ya kuomba, kwa sababu sharti uwe mpya. Kiondo cha bibi yako si kipya, hivyo kwa hicho tumia njia nyingine: kikundi kisajili alama ya biashara ya pamoja, ambayo wanachama tu ndio huitumia. Wasusi wa vikapu wa Taita walipita njia hiyo. Alama hudumu miaka 10 na huhuishwa. Mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia inayotokana na sheria ya mwaka 2008 hupokea malalamiko, ila ukienda mikono mitupu, bila cheti cha usajili, utahangaika sana. Pia kuna sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi ya jamii. Viongozi wa vikundi waisome.

Mimi, kabla ya hayo yote, nina daftari. Kila kiondo kina namba kwenye lebo ya kitambaa iliyoshonwa ndani, na daftarini naandika jina la msusi, kijiji, aina ya uzi, bei niliyomlipa, tarehe. Napiga picha ya kitako. Picha ya msusi, akikubali tu.

Juzi mteja alitaka kujua namba 217 ni ya nani. Nikafungua daftari, nikampigia msusi mbele yake. Kabla hata ya salamu kuisha akauliza kama ule ukingo uliomsumbua upande wa kushoto umekaa sawa. Tukaangalia. Ulikuwa umepinda kidogo. Mteja alikilipia hivyohivyo, bila kuomba kupunguziwa.