Somo: Kisu cha springi kinachochomokea mbele (OTF), namna ya kukichagua na kukitunza

Wakuu, nimekuwa nikijibu swali mojamoja kuhusu visu hivi kwa muda mrefu, nikaona heri niandike yote mahali pamoja. Nazungumzia kile kisu ambacho bapa lake halikunjuki kwa ubavu kama kisu cha kawaida cha kukunja, bali linatokea kwenye mdomo wa mpini, limenyooka, ukisukuma swichi kwa kidole gumba. Wengi wanakijua kwa herufi tatu, OTF, kifupi cha Kiingereza "out the front", yaani kutokea mbele. Mimi ninacho kazini karibu kila siku: nakata kamba, nafungua maboksi, nachuna waya, nakata mipira ya maji. Kwangu ni kifaa cha kazi na ndivyo nitakavyokieleza.

Kwanza ujue kinavyofanya kazi

Naomba usiiruke sehemu hii. Kuna visu vya njia mbili, ambapo swichi ileile hutoa bapa na kulirudisha, na kuna vya njia moja, ambapo springi hulitupa bapa nje lakini kulirudisha ni kazi ya mkono: unavuta kishikio hadi springi ikaze tena. Ultratech ya kiwanda cha Microtech na Infidel ya kiwanda cha Benchmade ni vya njia mbili. Halo ya Microtech ni cha njia moja. Vinavyobebwa mfukoni kwa kazi za kila siku vingi ni vya njia mbili, na somo hili ni juu ya hivyo.

Katika kisu cha njia mbili springi imetulia bapa likiwa ndani, na imetulia vilevile bapa likiwa nje. Hakuna nguvu iliyowekwa akiba humo. Nguvu ni ya kidole chako. Ukisukuma swichi unaivuta springi. Ikifika kiasi, komeo linaachia na springi inalirusha bapa kwa kipande kifupi tu cha safari. Kilichobaki bapa linakwenda lenyewe, kwa kasi iliyokwisha kupata, hadi likutane na komeo la mbele. Kwa hiyo mwisho wa safari hakuna kinachosukuma. Uzi mmoja wa mfukoni, grisi nzito, au skrubu iliyokazwa kupita kiasi vinatosha kulichosha bapa kabla halijafika. Karibu kila nitakachosema hapa chini kinatoka hapo.

Hatua ya 1: Sheria

Usinunue kabla ya kujua sheria ya mahali unapoishi na unapopita. Marekani ina sheria ya shirikisho ya 1958 inayobana biashara ya visu vya springi baina ya majimbo, lakini kumiliki na kubeba kila jimbo lina lake. California, kwa mfano, inakataza kubeba chenye bapa la inchi 2 (kama sentimita 5) au zaidi. Uingereza ilizuia kuvitengeneza na kuviuza mwaka 1959, na tangu 2021 hata kukiweka ndani ya nyumba yako ni kosa. Ujerumani na Kanada zimevipiga marufuku visu vya kuchomokea mbele. Isome sheria yenyewe au muulize wakili, maana muuzaji anataka kuuza. Na ukikuta hairuhusiwi, basi. Kisu cha kukunja kinakata kamba ileile.

Hatua ya 2: Umbo la bapa

Chagua bapa lenye makali upande mmoja. Hapa sina msimamo wa katikati. Bapa la mtindo wa jambia, lenye makali pande zote mbili, linavutia kwenye picha, ila kazini halikupi pa kuweka kidole gumba unapotaka kukandamiza, ukilinoa unanoa mara mbili, na sheria za sehemu nyingi huliangalia kwa ukali zaidi. Bapa lenye mgongo unaoshuka taratibu kuelekea nchani ndilo lenye manufaa kuliko yote. Ukikata sana kamba na mikanda, chukua lenye meno kidogo karibu na mpini.

Urefu wa sentimita 7 hadi 8.5 unatosha. Kumbuka mpini wa OTF lazima ulimeze bapa lote pamoja na mtambo wake, kwa hiyo bapa refu maana yake ni kipande kirefu cha chuma mfukoni mchana kutwa.

Hatua ya 3: Chuma

Usijisumbue sana hapa. D2 ni chuma kigumu, kinashika makali muda mrefu, lakini hakijafikia kuwa chuma cha pua, hivyo jasho na unyevu hukitia kutu. 154CM na S35VN ni vya pua na vinanoleka bila taabu. M390 na Elmax vinashika makali zaidi, ila kuvinoa kunahitaji subira na kinoo cha almasi. MagnaCut, kilichobuniwa na Larrin Thomas na kuingia sokoni 2021, kinastahimili kutu kuliko vyote nilivyotaja na wakati huohuo hakivunjiki ovyo makalini. Kama unafanya kazi karibu na maji ya chumvi, ningekulenga hapo. Kwa wengine wote, 154CM iliyopikwa vizuri kiwandani (yaani iliyopashwa moto na kupozwa ili ikaze) ni bora kuliko jina kubwa lililopikwa vibaya.

Hatua ya 4: Mpini, swichi na klipu

Mpini wa alumini iliyochongwa kwa mashine ndio wa kutafuta. Visu vya bei ya chini sana huwa na mpini wa aloi ya zinki iliyomiminwa: ni mzito, na njia linamopita bapa ndani yake haikunyooka sawasawa, nawe sasa unajua bapa linalokwaruza njiani linafika limechoka. Swichi iwe ngumu kiasi. Wageni hulalamikia ugumu huo, lakini ndio unaozuia kisu kisifyatuke chenyewe mfukoni. Klipu, yaani kibanio cha kushikiza kisu mfukoni, ikae upande ambao mkono wako unaufikia.

Hatua ya 5: Kijaribu kabla hujalipa

Elekeza mdomo mbali na watu na mbali na mwili wako, kisha kitoe na kukirudisha mara 20. Kishike kikiangalia juu, halafu chini, halafu ubavuni. Kisu kizuri kinajifunga kila mara katika hali zote tatu. Sikiliza: unataka mlio mmoja mkavu, usiofuatiwa na mkwaruzo. Kisha likamate bapa kwa vidole upande wa mgongo ulitikise. Litacheza kidogo. Hilo ni la kawaida, nitalirudia kwenye maswali. Mwisho tazama ncha bapa likiwa ndani. Isichungulie nje hata kidogo.

Jihadharini na bandia za majina makubwa, zimejaa. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na kiwanda.

Hatua ya 6: Kukisafisha

Hapa ndipo visu vingi vinapouawa na wenyewe, nikiwamo mimi. Kisu changu cha kwanza kilipoanza kuzembea nilikitia grisi, nikiamini kila kinachosugua kinataka grisi. Siku ya kwanza kikawa laini. Baada ya wiki mbili grisi ilikuwa imekusanya vumbi la maboksi na nyuzi za suruali, ikawa kama gundi, na bapa likawa linaishia nusu ya safari. Nilikihukumu kiwanda bure; kosa lilikuwa langu.

Utaratibu ninaoufuata sasa, mara moja kwa mwezi au kikianza kuzembea:

1. Vaa miwani ya kukinga macho. Toa bapa nje, elekeza mdomo chini, puliza hewa ya kopo kwenye mdomo wa mpini. Kopo lisimame wima, ukiliinamisha linatema majimaji.

2. Ingiza spiriti ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi, kwa mdomo huohuo. Fanya hivi mbali na moto, na pawe na hewa, kwani spiriti inashika moto upesi. Toa na rudisha bapa mara kumi hivi, geuza kisu, acha uchafu utiririke. Rudia hadi kinachotoka kiwe safi.

3. Kiache kikauke kabisa. Usiharakishe; mafuta juu ya spiriti yanasafishwa nayo.

4. Weka tone moja la mafuta mepesi kila upande wa bapa, karibu na mpini. Nimesema tone moja. Toa na rudisha mara 20 ili yaenee, kisha pangusa yote yaliyotokea nje.

Ukifanya kazi kwenye vumbi jingi, tumia kilainishi kikavu badala ya mafuta. Kikishakauka hakinati, vumbi halina pa kushika.

Hatua ya 7: Kunoa

Zungushia utepe wa karatasi kwenye mdomo wa mpini kwanza. Chembe za kinoo zikiingia ndani ni msasa unaosugua njia ya bapa kila ukisukuma swichi. Kwa kuwa bapa linacheza kidogo, kulinoa hewani kunakupa pembe isiyo thabiti. Liegemeze ukingoni mwa meza au litulize kwa kidole mgongoni. Pembe ya nyuzi 17 hadi 20 kila upande inafaa. Pangusa, puliza hewa, ndipo utoe utepe.

Likigoma katikati

Bapa likigonga kitu au likikosa kasi, linaachana na komeo na kubaki linaning'inia. Hakijavunjika. Kisu cha njia mbili kimetengenezwa kifanye hivyo ili mtambo usiumie. Shika bapa kwa ubavu, mbali na makali, ulivute nje taratibu hadi usikie limejifunga. Likikataa, rudisha swichi nyuma kisha lisukume ndani kwa upole mpaka lilie. Likifanya hivi mara moja kwa miezi, endelea na maisha. Likifanya kila siku, rudi hatua ya 6.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, bapa langu linacheza kushoto na kulia. Kisu ni kipya kabisa. Nimepigwa?

Jibu: Hapana mkuu. Bapa linalopita kwa kasi linahitaji nafasi pembeni; likibanwa halifiki. Kucheza kidogo ni gharama ya mtambo wenyewe. Cha kukutia wasiwasi ni likirudi ndani ukilisukuma kwa mgongo, au kama mchezo unaongezeka mwezi hadi mwezi. Hapo kirudishe kisu kiwandani.

Swali: Nikikiacha bapa likiwa nje usiku kucha springi haitachoka?

Jibu: Kwa cha njia mbili, haichoki ndani wala nje, springi imetulia pande zote. Inachoshwa na idadi ya mara unazokifyatua. Ila usikiache wazi mezani kwa sababu nyingine: watoto.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepulizia WD-40, kikawa kizuri sana, sasa kinagoma tena. Kwa nini?

Jibu: Marahaba. WD-40 ilibuniwa 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na herufi WD zinasimamia maneno hayohayo kwa Kiingereza, "Water Displacement". Inayeyusha uchafu, ndiyo maana kisu kilifurahi. Lakini ulichokiyeyusha hakikutoka chote, na utando uliobaki umevuta vumbi jipya. Kisafishe kwa spiriti kama nilivyoeleza, kisha mafuta mepesi.

Swali: Skrubu za mpini zimelegea, nikazikaza kwa nguvu. Sasa bapa halifiki mbele. Nini kimetokea?

Jibu: Umejijibu mwenyewe ndugu yangu. Umeubana mpini na njia ya bapa imekuwa nyembamba. Legeza kila skrubu robo mzunguko, jaribu, legeza tena kama bado. Likipita vizuri, weka tone dogo sana la gundi ya skrubu ya bluu kwenye skrubu mojamoja ili zisilegee. Usitumie nyekundu, hutazifungua tena kirahisi.

Swali: Mimi ni dada ninayetumia mkono wa kushoto. Visu vya kukunja vinanisumbua sana. Hiki kitanifaa?

Jibu: Dada, hapa ndipo kisu hiki kinapostahili sifa. Swichi ikiwa kwenye ukingo mwembamba wa mpini, mkono wowote unaifikia sawa, kufungua na kufunga. Angalia tu klipu. Nyingi hukaa upande mmoja, chagua ambayo unaweza kuihamisha.

Swali: Je, nikifungue nikisafishe ndani kabisa? Nimeona watu wanafanya.

Jibu: Viwanda vingi vinafuta dhamana ukifungua, na baadhi ya skrubu zina kichwa ambacho bisibisi ya kawaida haiingii, makusudi. Ndani kuna springi ndogo inayoweza kuruka ikapotea, na vipande vinavyotaka kurudi kwa mpangilio uleule. Kabla ya kufungua, kioshe kwa spiriti mara tatu kwa siku tatu mfululizo. Kwangu hiyo imetosha kila mara.

Swali: Ninasafiri kwa ndege wiki ijayo. Naweza kukibeba?

Jibu: Kwenye mzigo wa mkononi usithubutu, watakichukua na pengine wakuchukue na wewe. Kwenye mzigo unaopakiwa inategemea sheria ya unakotoka, unakopitia na unakofika, zote tatu. Mimi changu hubaki nyumbani kwenye droo yenye kufuli.