Kubadili bolijointi ya chini ya Prado 95 nyumbani

Mwezi uliopita shemeji alinipigia simu saa moja usiku. "Shemeji, gari imelala hapa getini." Nikajua ni pancha, nikachukua jeki na pampu. Kufika nakuta tairi la mbele kushoto limelala ubavu ndani ya fenda, hosi ya breki imevutika kama kamba ya mbuzi, na mtoto wa jirani anamulika kwa simu. Mchana huohuo alikuwa ametoka Kilolo, barabara ya vumbi, na mguu wake naujua. Bahati yake ni kwamba bolijointi ilichomoka akikata kona kuingia kwake, mwendo wa kutembea.

Prado za 90 na 95, zile za 1996 hadi 2002, pamoja na ndugu yake Hilux Surf wa miaka hiyohiyo, zina tabia moja mbaya. Springi inaisukuma amu ya chini, yaani ule mkono wa chuma unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye tairi, iende chini, na kinachoizuia ni bolijointi. Yaani ile goroli kubwa ndani ya kikombe chake haikandamizwi na uzito wa gari, inavutwa itoke. Kila shimo unalopita linajaribu kuichomoa. Kwa hiyo hii si spea ya kusema "inagonga kidogo, tutaiangalia mwisho wa mwezi".

Hatua ya 1: Pima

Piga jeki kwenye chesisi, usipige kwenye amu. Tairi likining'inia, ingiza mtaimbo mfupi kati ya amu ya chini na chuma kinachobeba habu, nyanyua na kushusha huku mwenzako akitazama bolijointi kwa tochi. Ukiona inapanda na kushuka, hata kidogo, badilisha. Raba yake ikiwa imepasuka, badilisha pia, maana mchanga umeshaingia. Kulishika tairi juu na chini ukalitikisa hakutoshi, utachanganya na bearing. Na kama gari umelinunua mkononi mwa mtu na hujui historia yake, mimi nisingepima, ningebadilisha tu.

Hatua ya 2: Nunua

Kulia na kushoto ni tofauti. Ule mkono unaopokea tairodi endi (ncha ya fimbo ya usukani) umeungana na bolijointi yenyewe, ni kipande kimoja, hivyo ya kulia haikai kushoto hata uilazimishe. Shemeji alitumiwa kwa basi kutoka Kariakoo, tukafungua boksi, zote mbili za kulia. Siku nzima ikapotea. Mwambie muuzaji azitoe kwenye boksi, aziweke mezani kifua kwa kifua, akupigie picha: zinatakiwa zitazamane kama viatu. Mpe na namba ya chesisi.

Mimi si mtu wa orijino kila kitu. Taa naweka za mtumba, bushi za stabilaiza naweka zozote. Ila bolijointi hii naweka ya Toyota yenyewe, na mfuko usiporuhusu, 555 ya Japani kutoka kwa muuzaji unayemwamini, kwa sababu boksi lile linaigwa sana. Mtumba hapana, hata ukiambiwa imetoka kwenye gari lililotembea kilomita chache. Unanunua uchovu wa mtu mwingine. Agiza na bolti mpya 4 kwa kila upande, zile zinazoifunga bolijointi kwenye chuma kinachobeba habu, na kotapini, ile pini ya kuzuia nati isifunguke.

Hatua ya 3: Inua gari

Stendi mbili chini ya chesisi, vizuizi tairi za nyuma, toa tairi. Usilale chini ya jeki peke yake.

Hatua ya 4: Toa ya zamani

Hapa ndipo nilipopoteza karibu saa nne mara ya kwanza, kwenye gari langu mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiku wa kuamkia kazi, mwagia WD-40 kwenye nati zote na bolti zote 4 za chini. Asubuhi mwagia tena. Piga brashi ya waya uone vizuri, maana magari haya yameshapita mikono mingi na unaweza kukuta bolti imebadilishwa na ya saizi nyingine. Jaribu spana kabla ya kukaza mkono. Kichwa cha bolti kikishakuwa duara utajuta.

Anza na tairodi endi: toa kotapini, legeza nati lakini uiache imeshika nyuzi chache. Kisha nenda kwenye nati kubwa chini ya amu, toa kotapini yake, legeza vilevile, usiitoe. Weka jeki ndogo chini ya amu, iguse tu.

Sasa hapo utakuta nati imelegea lakini ile pini nene ya bolijointi haishuki wala haipandi. Imekaza ndani ya jicho la amu kwa sababu imechongwa nyembamba kuelekea chini, na imekaa humo miaka ishirini na kitu. Mimi nilichofanya mara ile ni kulala chini na kuigonga pini kwa nyundo kutokea chini. Nikagonga, nikagonga, ikafanya kofia kama uyoga. Pini haikutoka, na nati nayo ikagoma kutoka kwa sababu nyuzi zimelala. Ikabidi nikate kwa grainda nikiwa nimelala chali, cheche zinaniingia shingoni.

Usigonge pini. Gonga jicho. Lile pete nene la chuma kwenye ncha ya amu, ambamo pini imepita, ndilo la kupigwa, kwa ubavuni. Shika nyundo nzito upande mmoja iegemee jicho, piga upande wa pili kwa nyundo nyingine, mapigo mafupi ya nguvu. Wakati huo mtu mwingine awe ameingiza mtaimbo juu ya amu anaikandamiza ishuke. Jicho linashtuka kidogo, pini inaachia kwa mlio mmoja, "pwaa!", na ile nati uliyoacha ndiyo inazuia amu isikurukie. Kwa shemeji tulipiga mapigo sita kulia. Tairodi endi inatoka kwa njia hiyohiyo.

Kuna chombo cha kuchomolea kama kalipa yenye skrubu. Ukiweza kuazima, azima, ni kizuri. Kile cha umbo la uma unachopigilia kati kinachana raba, kwa bolijointi unayoitupa haina shida, lakini usikiweke kwenye tairodi endi unayotaka kuirudisha. Na fundi akikwambia "tuipashe moto kwa gesi itaachia", mkatalie. Raba ya ekseli iko pale juu, hosi ya breki iko pembeni, na grisi inawaka.

Ikishaachia, fungua bolti 4, toa nati, kandamiza amu, chomoa. Kalipa na habu haviguswi. Usiiache hosi ya breki wala waya wa ABS ubebe uzito wa kitu chochote.

Hatua ya 5: Funga mpya

Kwangua kutu pale bolijointi inapokalia mpaka chuma king'ae. Ikikaa juu ya uchafu, uchafu utasagika barabarani na bolti zitabaki zimelegea. Tia gundi ya nyuzi kwenye bolti, kaza zote 4 kwa mkono kwanza, kisha kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza: Nm 80. Nati ya chini ya amu ni Nm 140. Ukifika hapo na tundu la kotapini halijalingana na mfereji wa nati, ongeza kukaza mpaka lilingane. Usirudishe nyuma. Huyu fundi wetu wa mtaani alirudisha robo mzunguko "ili pini iingie", nikaifungua tena mbele yake, akanuna. Nati za rimu ni Nm 110, gari likiwa chini.

Spana ya torki si anasa kwa kazi hii. Kaazime.

Hatua ya 6: Alaimenti

Nenda ukanyooshewe tairi siku hiyohiyo, taratibu. Ukishatembea kama kilomita 100, ingia chini tena na spana ya torki upitie zile bolti 4 kila upande. Shemeji alisema atafanya Jumapili. Nilimpitia Jumatatu jioni, nikalala chini mwenyewe: moja ya kushoto ilikubali karibu nusu mzunguko.