Bei ya Mbuyuni isikuchagulie zao: kiulize kwanza kipande chako

Kila mwezi wa nane swali ni lile lile. Mahindi ya masika yameshavunwa, mabua yamepandishwa mlimani kwa ng'ombe wa kufugwa ndani, na kipande kimebaki kitupu. Juzi aliniuliza mama mmoja wa Uru, mlimani Moshi, mwenye robo eka huku chini, upande wa Kiboriloni.

"Mwanangu bwana shamba, nasikia tenga la nyanya limepanda bei Mbuyuni. Nipande nyanya?"

"Shikamoo mama. Kabla ya mahindi, hapa palikuwa na nini?"

"Marahaba. Palikuwa na hoho. Zikaninyaukia zote, na maji nilikuwa nazipa."

Jibu la nyanya lilipatikana pale pale, na halikuwa ndiyo. Lakini tuanze na hiyo bei, maana ndiyo inayowaponza wengi. Bei unayoisikia leo soko la Mbuyuni ni ya nyanya zilizopandwa miezi mitatu au minne iliyopita. Wakati ule waliopanda walikuwa wachache, au mvua na ukungu viliwachomea majani, ndiyo maana leo tenga limepanda. Wewe ukisia mbegu leo utavuna kuelekea mwisho wa mwaka, pamoja na wote waliosikia bei hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Sisemi bei isiulizwe. Nasema iulizwe mwisho, baada ya kipande chenyewe kusema kinaweza kubeba nini.

Kilikuwa na nini?

Hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko yote. Mboga zina ukoo kama watu, na ndugu wa ukoo mmoja huugua magonjwa yale yale. Nyanya, hoho, pilipili kali, biringanya, nyanya chungu na viazi mviringo ni ndugu. Mnafu nao ni ndugu yao, jambo ambalo wakulima wengi hapa hawalijui, kwa hiyo mtu anang'oa nyanya zilizougua, anapanda mnafu, na anaamini amebadilisha zao. Kabichi, sukuma wiki, chainizi na figiri ni ukoo mwingine. Maharage, kunde na njegere wako peke yao, vitunguu peke yao, na matango wako pamoja na maboga na matikiti. Ukitoa zao la ukoo mmoja, ingiza la ukoo mwingine, na kwa ukoo wa nyanya jitahidi ipite misimu mitatu bila kuurudisha mahali pale.

Hoho za mama yule zilinyauka zikiwa bado za kijani, udongo ukiwa na unyevu. Hapo nashuku mnyauko bakteria. Kipimo chake hakihitaji maabara. Shina likiwa bado bichi, likate karibu na ardhi, litumbukize ncha tu kwenye glasi ya maji safi, usiliguse. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, ndio wenyewe. Bakteria hao hukaa ardhini miaka, husafiri na maji ya mfereji na udongo ulioganda kwenye jembe, na hakuna dawa ya kupulizia inayowatoa. Wauzaji wa pembejeo watakupa chupa tu, maana umeingia dukani na hela. Wewe panda mahindi, vitunguu au kabichi, ng'oa ndulele na ndugu zake wa porini pembezoni, na usiazime jembe la jirani mwenye tatizo hilo bila kuliosha.

Kama hakuna mmea uliobaki wa kupima, chimba mizizi ya magugu na visiki vya zao lililopita. Mizizi yenye vinundu kama tangawizi ina minyoo fundo. Usichanganye na vinundu vya maharage: vile vya maharage vimebandikwa pembeni ya mzizi, ukivisugua kwa kidole vinabanduka, na ukivipasua ndani vina rangi ya waridi. Cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hakibanduki. Kwenye ardhi ya namna hiyo usitie karoti, zitagawanyika miguu kama mtu, wala nyanya wala matango. Vitunguu havisumbuliwi sana.

Kuna jambo la tatu ambalo halisemwi sana, na limewaliza watu tambarare: dawa ya magugu. Kama mahindi yako yalipuliziwa dawa yenye atrazini, sehemu yake inaweza kuwa bado imo ardhini, hasa pale mvua ilipokuwa haba. Mahindi hayajali. Maharage, matango, kabichi na mboga nyingi za majani zinajali sana. Mkulima akiona miche inageuka njano kuanzia kingo za majani anafikiri ni njaa ya mbolea, anaongeza yurea, na hali inabaki vile vile. Kabla ya kupanda, chota udongo wa kipande chako kutoka sehemu kadhaa, kina cha kiganja, ujaze makopo mawili. Jaza mengine mawili udongo ambao haujawahi kupuliziwa. Panda maharage matano kila kopo, weka mahali penye mwanga, mwagilia sawa. Yote yataota, usishangilie mapema. Madhara huonekana baada ya majani halisi kutoka, wiki ya pili hadi ya tatu.

Maji ya siku mbaya, siyo ya siku njema

Watu hupima maji yao mwezi wa tano mfereji ukiwa umejaa. Pima ya Septemba na Oktoba, wakati vuli haijafika na zamu zimeanza kugombaniwa usiku.

Hesabu ni rahisi. Kwenye kiangazi mboga iliyokua hunywa takribani lita 4 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 10 linataka kama lita 50, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Ukitoa njia na mifereji ukabaki na 700 za matuta, unazungumzia lita 3,500, madumu 175, kila siku. Kama maji yako ni ya bomba la nyumbani na mgongo wa binti yako, lima matuta matano na uyalime vizuri.

Ukubwa wa zamu si kitu pekee, hata nafasi kati ya zamu na zamu huchagua zao. Mama yule anapata mfereji mara moja kwa wiki. Mchicha na chainizi wana mizizi ya juujuu, hawatangoja siku saba juani. Karoti zinaota taratibu, siku 10 hadi 14, na udongo wa juu ukikauka mara moja tu katika siku hizo umepoteza mbegu, labda ufunike kwa nyasi na kunyunyiza kidogo kila jioni. Nyanya ikipata maji mengi leo na kukosa wiki nzima huoza kitako. Nyanya chungu, biringanya na kunde huvumilia zaidi, na kabichi iliyofunikwa matandazo kwenye udongo mzito usio na mchanga mwingi hujikaza hadi zamu ijayo.

Wa Kahe na tambarare za kusini waangalie pia udongo wenyewe. Ukiona weupe kama chumvi juu ya ardhi baada ya maji kukauka, hiyo ni dalili ya chumvi au magadi. Maharage na karoti vitakusuta hapo.

Mlimani ni hesabu nyingine. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo anayelima Kibosho na anayelima Kahe wasipeane kalenda. Juu, Juni hadi Agosti kuna ukungu na baridi, na baka jani chelewa linaweza kufagia nyanya ndani ya wiki. Kabichi, karoti, njegere na leki hufurahia. Ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba, pasipopata jua hata kwa saa sita kwa siku, weka mnafu na sukuma wiki, hoho achia walio wazi.

Hesabu kurudi nyuma

Sasa bei. Moshi ina jambo ambalo sehemu nyingi hazina: Desemba watu wanarudi nyumbani. Kuanzia katikati ya mwezi kila nyumba ya mlimani ina sufuria kubwa motoni, na karoti, hoho, vitunguu na kabichi vinatafutwa. Chukua tarehe 15 Desemba urudi nyuma. Kabichi hukaa kitaluni wiki nne, kisha shambani karibu miezi mitatu, kwa hiyo kitalu ni sasa hivi, katikati ya Agosti. Hoho kitalu wiki sita na siku 70 hadi 80 hadi chumo la kwanza, nayo ni sasa. Karoti siku 90 hadi 100, zisipandwe baada ya wiki ya kwanza ya Septemba. Vitunguu ukianza kitalu leo vitatoka Januari. Krismasi umeikosa, lakini Januari kwa kawaida ni kavu, vitakauka vizuri na vitakaa ghalani hadi bei ikae sawa.

Wengine nao wanahesabu, ndiyo. Kwa hiyo usimwage miche yote siku moja. Sia nusu leo, nusu baada ya wiki mbili. Ukikosa kilele utakutana na mteremko wake, na kabichi iliyokomaa husubiri shambani siku kadhaa, jambo ambalo mchicha hauwezi.

Hapo linaingia suala la mkono. Mboga ya majani ni ya mtu anayeamka saa kumi na moja, anafunga mafungu, na saa moja yuko sokoni. Maharage machanga yanachumwa kila baada ya siku mbili au tatu. Mwalimu au dereva anayeonekana shambani Jumamosi tu apande vitunguu au karoti. Na nyanya, tangu kantangaze aingie nchini, zinataka jicho la kila siku hata kwa asiye na mnyauko; mdudu huyo anachimba ndani ya jani, ukichelewa wiki moja umechelewa. Ukiuza kwa gunia, patana kabla ya kuvuna kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, baada ya hapo huna sauti.

Mbolea sitaieleza kwa urefu: samadi iliyooza, debe moja hadi mawili kwa tuta la mita 10, iingie wiki mbili kabla ya miche. Mbegu iwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na risiti uitunze.

Mama wa Uru ameamua hivi. Kitalu cha kabichi amekiweka kihambani, kwenye udongo wake wa juu ambao haujaona dawa ya magugu, nusu sasa na nusu mwanzoni mwa Septemba. Kipande cha kona, zilipofia hoho, atakitia vitunguu, na jembe la kona hiyo halitoki kwenda matuta mengine. Kabichi haitashuka kutoka kitaluni kabla makopo hayajatoa jibu. Yako manne dirishani jikoni kwake, mawili udongo wa chini, mawili wa kihambani. Maharage yameota yote ishirini. Majani halisi yanaanza kufunguka, na kila asubuhi ananipigia simu kuniambia kingo zake zina rangi gani.