Kumwandaa shahidi mtoto bila kumfundisha cha kusema: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Arusha

Mwezi uliopita nilikaa siku tatu na mwenzangu mgeni katika kazi hii ya kuwahudumia waathirika na mashahidi wa upande wa mashtaka, naye akaniomba nimwandikie yale niliyokuwa nikimweleza tukiwa kwenye benchi la nje ya mahakama. Nimeona vema yawafikie na wengine: maafisa ustawi wa jamii, wasaidizi wa kisheria, na mawakili wa Serikali ambao hawana wa kuwasaidia na hulazimika kumwona shahidi wao kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku ya kesi. Mwongozo unahusu zaidi mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono, kwa sababu huko ndiko nilikokosea vibaya.

Sitaeleza namna ya kupata PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali), kumpeleka mtoto hospitali ya Mount Meru, wala kufungua shauri Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ninachukulia kwamba hayo yamekwishafanyika, jalada limefika kwa wakili wa Serikali, na mshtakiwa amekwishasomewa mashtaka.

Hatua ya 1: Ijue tarehe ni ya nini

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, muulize wakili wa Serikali au karani kama tarehe iliyopangwa ni ya kutajwa au ya kusikilizwa. Siku ya kutajwa shahidi hahitajiki, hata kama ndugu zake wanadhani asipoonekana kesi itafutwa. Mwaka wangu wa kwanza nilimwita bibi mmoja kutoka Longido, akapanda Noah alfajiri pamoja na mjukuu wake, wakakaa kwenye benchi hadi saa 6 mchana, na shauri lilipoitwa halikuchukua hata dakika mbili: upelelezi haujakamilika, ikapangwa tarehe nyingine. Bibi hakunilaumu. Alifungua pindo la khanga, akahesabu noti zilizobaki, akaniuliza kama mtoto anaweza kupakatwa ili walipie kiti kimoja. Tangu siku ile sijamwita shahidi bila kuuliza.

Kuhusu nauli na posho, uliza mapema nini kinapatikana na kitatolewa lini, na usiahidi kiasi chochote ambacho hujakiona.

Hatua ya 2: Panga namna ya kuwasiliana

Mimi hutumia daftari la kaunta buku linalofungiwa kwenye droo, na sibadilishi. Usipige picha maelezo ya mtoto kwa simu yako, wala usiyatume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi hata kama wote waliomo ni watu wa kuaminika, kwa maana simu huibwa, huazimwa, na hupelekwa kwa fundi.

Muulize mama au mlezi ni simu ya nani unayopiga. Mara nyingi kitochi hicho ni cha familia nzima, na anayekipokea anaweza kuwa ndugu wa mshtakiwa. Kwa hiyo kubaliana naye neno la kawaida la kujitambulisha, kwa mfano kwamba unapiga kuhusu kliniki, na usitaje kesi hadi uisikie sauti unayoifahamu. Ukilazimika kumtafuta shahidi kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, sema unamtafuta, na sababu uiweke moyoni.

Mshtakiwa akipata dhamana, mpigie mlezi siku hiyohiyo. Asikie kwako kabla hajakutana na mtu huyo kisimani au sokoni. Na ukisikia maneno ya "tumeshayamaliza nyumbani", au kwamba kuna ng'ombe waliotolewa, au kuna aliyetishwa, mwambie wakili wa Serikali kabla jua halijazama. Kesi hiyo ni ya Jamhuri na si ya wazee wa koo mbili kuimaliza, na ipo sheria ya mwaka 2015 inayowalinda watoa taarifa na mashahidi.

Hatua ya 3: Mpeleke mtoto aione mahakama

Nenda naye siku nyingine, chumba kikiwa kitupu. Mwonyeshe anapokaa hakimu, karani, wakili wa Serikali, wakili wa utetezi na mshtakiwa. Mwache aingie kizimbani na kutoka. Inatosha.

Hatua ya 4: Mwandae mtoto, hadithi yake uiache kama ilivyo

Hapa ndipo nilipowahi kuharibu kesi, nami sitafanya haraka.

Mtoto alikuwa na miaka 9. Maelezo yake ya polisi yalisema tukio lilitokea Jumanne. Siku mbili kabla ya kusikilizwa aliniambia Jumatano, nami, kwa kuhofia atajichanganya kizimbani, nikamwambia: "Hapana, ilikuwa Jumanne, kumbuka vizuri." Akaitikia. Nikamrudisha mara tatu hadi akaisema Jumanne bila kusita, nikajiona nimefanya kazi njema. Kizimbani aliisema vizuri. Kisha wakili wa utetezi, kwa sauti ya upole kabisa, akamuuliza: "Nani alikuambia kwamba ilikuwa Jumanne?" Mtoto akageuka, akaninyooshea kidole pale nilipoketi karibu na ukuta, akasema: "Anti yule pale." Nakumbuka kalamu ya hakimu ikiandika. Hukumu ilisema shahidi alionekana kufundishwa, na mshtakiwa akaachiwa huru. Huenda hata Jumatano yake ilikuwa sahihi kuliko karatasi ya polisi.

Kwa hiyo, katika maandalizi usiliguse tukio lenyewe. Zungumzia mahali, watu, utaratibu, na haki alizo nazo: anaweza kuomba maji, kuomba kwenda chooni, kusema hajasikia, kusema hajaelewa, kusema hajui, kusema hakumbuki. Haki hizi usimtajie tu, mfanyishe mazoezi. Watoto wetu wamelelewa wasimbishie mkubwa, na mtoto mwenye adabu akiulizwa jambo na mtu mzima aliyevaa suti ataitikia "ndiyo" ili asionekane mkaidi. Adabu hiyohiyo inayowapendeza wazazi nyumbani ndiyo inayomwangusha wakati wa maswali ya dodoso, yale anayoulizwa na wakili wa utetezi.

Zoezi ninalolitumia ni hili, na sijapata bora zaidi. Mwambie akusimulie alivyokuja leo kutoka nyumbani. Atasema walipanda kifodi (daladala) Ngarenaro, mama akalipa, wakashuka, wakatembea. Mwache amalize, usimkatize. Kisha muulize swali la uongo kwa uso mkavu: "Kwa hiyo kondakta alikuwa amevaa kofia nyekundu?" Mara ya kwanza wengi hukubali. Mwambie kwa utulivu kwamba wewe hukuwepo kwenye kifodi na yeye alikuwepo, na kwamba mkubwa akikosea anaruhusiwa kusema, "Hapana, si kweli." Rudia kwa mambo mengine ya kawaida, kama chakula alichokula au mchezo wa shuleni, hadi neno "hapana" limtoke bila kuinamisha kichwa. Mtoto mmoja wa miaka 7 alinishika mkono akaniambia, "Anti, hapana, wewe hukuwepo," nikajua yuko tayari. Fanya zoezi hilo kwa muda mfupi, usizidi nusu saa kwa siku.

Kuna tahadhari kadhaa ambazo hazifai kurukwa. Ya kwanza ni maneno ya mtoto. Akisema "alinifanyia tabia mbaya", usimpe neno la kitabu badala yake. Mahakama zetu zinayafahamu maneno hayo, na ni kazi ya wakili wa Serikali kumuuliza alimaanisha nini, mbele ya hakimu. Vivyo hivyo kwa siku na saa: mtoto hana kalenda kichwani, ana makande na mnada. Akisema ilikuwa siku waliyokula makande, mama alipokwenda mnadani, hiyo ni tarehe tosha kwake. Mjulishe wakili ili aulize kwa njia hiyo na kumwita mama athibitishe siku ya mnada.

Ya pili, usimsomee mtoto maelezo yake ya polisi. Akianza mwenyewe kukusimulia tukio, usimzime kwa ukali, maana atadhani amekosea. Msikilize, mwambie umemsikia, na umwombe amweleze wakili. Akitaja jambo jipya ambalo halimo katika maelezo, usimuulize swali hata moja la kuendeleza. Andika alivyosema, neno kwa neno, pamoja na saa, umpelekee wakili mara moja. Ukichimba, nawe unaweza kujikuta unaitwa kuwa shahidi.

Ya tatu ni nyumbani. Mama mwenye uchungu humwamsha mtoto usiku na kumwambia, "Hebu niambie tena utasemaje." Ni upendo, na sijawahi kumkemea mzazi kwa hilo, ila humweleza kisa changu cha Jumanne chote, bila kujificha, nao huelewa haraka kuliko ningewasomea kifungu cha sheria.

Sisi wa Arusha tulikaa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda hadi ilipofungwa mwaka 2015. Katika kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, mashtaka ya ubakaji hayakuwepo mwanzoni. Yaliongezwa mwaka 1997 baada ya wanawake waliofika kutoa ushahidi kuyataja kizimbani, na hukumu ya 1998 ikawa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mashahidi hao walitambulishwa hadharani kwa herufi badala ya majina. Jina likafichwa, na maneno yakabaki yao wenyewe. Hivyo ndivyo ninavyotaka kwa kila mtoto anayepita mikononi mwangu.

Hatua ya 5: Ahadi ya kusema kweli

Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini ni lazima kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ndivyo ilivyo tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya kifungu cha Sheria ya Ushahidi ambacho kwa miaka mingi tumekiita "mia na ishirini na saba". Katika rufaa ya jinai namba 168 ya mwaka 2018 iliyosikilizwa Bukoba, Mahakama ya Rufani ilieleza maswali mepesi ambayo hakimu anaweza kuanza nayo: umri wa mtoto, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema kweli. Katika rufaa hiyo ahadi haikuwa imechukuliwa ipasavyo, ushahidi wa mtoto ukaondolewa, na aliyekuwa amehukumiwa akaachiwa.

Wewe huruhusiwi kusimama na kumkumbusha hakimu. Mkumbushe wakili wa Serikali kabla hawajaingia, hata kama ana miaka 20 kazini, na hata kama atakukunjia uso. Kwa mtoto, zungumza naye tu kuhusu ahadi ni kitu gani, kwa mifano ya nyumbani, kama kumwahidi bibi kurudisha sufuria. Usimkaririshe sentensi ya kuahidi. Hakimu hutambua kilichokaririwa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ushahidi katika makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha, hivyo hakikisha mapema nani atabaki ndani kumpa mtoto moyo. Mama mara nyingi hawezi, kwa kuwa naye ni shahidi, na shahidi ambaye hajatoa ushahidi wake hukaa nje. Tafuta mama mdogo au shangazi ambaye hayumo katika orodha ya mashahidi, na umwambie asitikise kichwa wala kutabasamu mtoto anapojibu.

Mtoto ale nyumbani, kwa mkono wa mlezi wake, chai na kitafunwa cha kawaida. Usimnunulie soda wala biskuti asubuhi hiyo, maana swali la "Ulipewa nini ili uje kusema haya?" huulizwa. Maji yanatosha. Wafike kwa njia isiyowakutanisha na ndugu wa mshtakiwa langoni, na wasubiri katika ofisi au chini ya mti ulio mbali na benchi la pamoja.

Kama shahidi mwingine, tuseme bibi, anazungumza Kimaasai pekee, omba mkalimani siku kadhaa kabla. Mjukuu au jirani asitumike, hata shauri likikaribia kuahirishwa kwa sababu hiyo. Ahirisho linauma, ila tafsiri ya jirani inauma miaka mingi.

Shauri likiahirishwa mkiwa mmeshafika, mwambie mtoto mwenyewe, si mlezi peke yake, kwamba hakukosea chochote.

Hatua ya 7: Baada ya kushuka kizimbani

Usimuulize amesema nini. Mwambie kazi yake imekwisha, na umrudishe kwa mama yake.

Siku ya hukumu mpigie mlezi kabla majirani hawajampigia. Mshtakiwa akitiwa hatiani, mweleze mlezi kwamba mtu huyo ana siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa, ili barua kutoka Mahakama Kuu isije kumshtua miezi kadhaa baadaye. Muulize wakili kama ameomba amri ya fidia. Mshtakiwa akiachiwa, usimpigie mlezi simu: nenda nyumbani kwao, jioni hiyohiyo, ukiwa na namba ya afisa ustawi wa jamii wa kata yao, na ya huduma ya simu kwa mtoto, 116, umeziandika kwenye karatasi ambayo mama ataihifadhi pamoja na kadi ya kliniki.