Jinsi ya Kufunga Nguo za Baridi kwa Safari ya Meli ya Antaktika

Meli nyingi za watalii wanaokwenda Antaktika hung'oa nanga Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, kati ya Novemba na Machi, na huchukua takriban siku mbili kuvuka Mlango-bahari wa Drake kabla ya kufika Rasi ya Antaktika. Miezi hiyo ndiyo kiangazi cha huko. Joto la mchana kwenye rasi hucheza karibu na sifuri, nyuzi chache juu au chini yake, kiasi kwamba mtu aliyepanda kilele cha Kilimanjaro usiku wa manane huenda amekwisha kuonja baridi kali kuliko hiyo. Kinachomtesa msafiri hasa ni upepo unaoteremka kutoka kwenye barafu, pamoja na maji ya chumvi yanayomrukia akiwa ndani ya boti ndogo ya mpira inayompeleka nchi kavu. Anayejaza begi masweta mazito atalemewa na mzigo na bado atatetemeka, kwa sababu sweta halizuii upepo wala maji.

Kabla ya kununua chochote, soma kwa makini maelekezo ya kampuni ya meli. Kampuni nyingi humpa au humwazima abiria koti kubwa lisilopitisha maji, na nyingi huazima pia mabuti marefu ya mpira. Vitu hivyo viwili ndivyo vizito kuliko vyote, na ukihakikishiwa kwa maandishi kwamba utavikuta melini, begi lako limepungua sana kabla hujaanza kulipanga. Unapotuma namba ya kiatu, zingatia soksi nene, kwani buti likibana mguu damu haizunguki vizuri, na vidole hufa ganzi hata ndani ya soksi nzuri kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, kuvaa jozi mbili za soksi ndani ya buti lisilo na nafasi ni kujitafutia baridi.

Nguo zenyewe zifikirie kuanzia kwenye ngozi kwenda nje. Inayogusa ngozi, yaani fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, iwe ya sufu laini ya merino au ya poliesta, kwa kuwa pamba hunyonya jasho, hukawia kukauka na humpoza aliyeivaa mara anaposimama kupiga picha. Juu yake huja sweta jepesi la flisi (kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya) au la sufu, kisha koti la nje na suruali isiyopitisha maji. Kwa safari ya siku 10 hivi, seti mbili za nguo za ndani zinatosha: moja mwilini, nyingine imefuliwa kwa mkono na kuanikwa bafuni. Ongeza sweta mbili, jozi nne za soksi za sufu, boshori, skafu ya mduara ya kufunika shingo na pua, na jozi mbili za glavu zisizopitisha maji pamoja na glavu nyembamba za ndani, ili unapovua zile za nje kushika kamera vidole visibaki wazi. Ndani ya meli kuna joto la kutosha, na hapo fulana na suruali zako za kawaida za pamba zinafaa.

Sweta za sufu na flisi nzuri hupatikana kwenye mitumba kwa bei ambayo duka la vifaa vya michezo haliwezi kuikaribia, na sioni sababu ya kununua mpya. Suruali isiyopitisha maji ndiyo ya kuchunguza. Igeuze ndani nje uutazame utando wake mahali pa magoti na makalio. Ukiona umeanza kubanduka vipande vidogo vidogo, iache. Hakikisha pia kwamba miguu yake ni mipana, maana huvaliwa juu ya buti. Mara nyingi boti hufika ufukweni ukashuka kwenye maji yanayofika chini ya goti, na suruali iliyochomekwa ndani ya buti huyaelekeza maji moja kwa moja kwenye soksi. Koti la manyoya ya bata, lile linalokodishwa Moshi kwa wapanda mlima, linafaa kwa baridi kavu. Likilowa hupoteza joto lake, kwa hiyo livae tu chini ya koti lisilopitisha maji.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni usafi. Kampuni zilizo chini ya IAATO, jumuiya ya waendesha utalii wa Antaktika iliyoanzishwa mwaka 1991, huwataka abiria wasafishe nguo zote za nje kabla ya kushuka, ili mbegu na udongo wa kigeni visiingie. Tayari aina moja ya nyasi za kigeni imekwisha kuota katika Kisiwa cha King George. Nguo ya mtumba au iliyowahi kupanda mlima ifuliwe nyumbani, mifuko yake igeuzwe na kukung'utwa, na vibandiko vya nailoni vya kufungia nguo (velkro) vichokolewe kwa kibano au sindano, kwani hapo ndipo mbegu hung'ang'ania.

Katika kufunga, tumia begi laini linaloweza kukunjwa na kusukumwa chini ya kitanda cha chumba cha meli. Viringisha nguo badala ya kuzikunja, na uweke soksi ndani ya viatu. Mifuko ya kubana hewa hupunguza nafasi lakini haipunguzi uzito, na ndege ya ndani kutoka Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, kwenda Ushuaia inaweza kuruhusu kilo chache kuliko ile iliyokuleta, kwa hiyo pima mzigo kwa kipimo cha ndege hiyo. Seti moja kamili, kuanzia nguo za ndani hadi glavu na suruali isiyopitisha maji, iingie kwenye begi la mkononi pamoja na betri za kamera. Begi kubwa likichelewa Buenos Aires, meli haitalisubiri.