Kuikata leza vioo vinaposimama: saketi ya usalama ya projekta ya maonyesho

Projekta ya leza huchora kwa kuyumbisha vioo viwili vidogo, kimoja kwa mlalo na kingine kwa wima, kwa kasi inayolifanya jicho lione picha badala ya nukta. Vioo vikisimama huku leza ikiwaka, nguvu yote iliyokuwa imetawanyika hukusanyika mahali pamoja. Saketi ninayoieleza niliijenga katika karakana yangu hapa Mombasa baada ya ile ya kwanza kushindwa harusini: fyuzi ya kadi ya vioo (bodi ya umeme inayoviendesha) iliungua, kompyuta ikaendelea kutuma amri, na saketi yangu, iliyokuwa ikisikiliza amri badala ya kuvitazama vioo vyenyewe, ikaona mambo ni shwari mpaka pazia la jukwaa likatoboka. Lawama ilikuwa yangu.

Saketi hii haikupi ruhusa ya kuwapiga watu mwale machoni. Leza ya daraja la 2 hukadiriwa kwa miliwati 1 na muda wa sekunde 0.25, ambao mtu huutumia kupepesa jicho. Hiyo ni milijuli 0.25. Mwale wa wati 1 hutoa milijuli 5 katika milisekunde 5 tu, muda ambao saketi hii husubiri kabla ya kuzima, yaani mara ishirini. Kwa hiyo mwale ubaki angalau mita 3 juu ya sakafu wanaposimama watu, na kwenye maonyesho ya wazi usielekezwe angani, kwa kuwa ndege za uwanja wa Moi hupita chini juu yetu.

Hatua ya 1: Tafuta ishara ya mrejesho. Kadi nzuri ya vioo huwa na pini inayotoa volti kulingana na mahali kioo kilipo hasa. Chukua hiyo, kwa kila mhimili (mlalo na wima), kabla ya kushika chuma cha kulehemu. Usiichukue ile inayoingia kwa plagi ya pini 25 kutoka kwa kompyuta.

Hatua ya 2: Geuza nafasi kuwa kasi. Tumia TL072 moja (chipu yenye vikuza-ishara viwili) kwa mihimili yote miwili, ikilishwa volti 12 na kituo chake kikiwa volti 6. Ishara iingie kwenye pini ya kugeuza kupitia rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya nanofaradi 10. Rezista ya kilo-omu 100, ikiwa sambamba na kapasita ya pikofaradi 100, irudi kutoka kwenye toleo. Kasi ya volti 200 kwa sekunde itakupa mabadiliko ya volti 0.2 kwenye toleo. Ile rezista ndogo usiiache, kwani bila yake saketi hukuza kelele na kuidhania kuwa mwendo.

Hatua ya 3: Weka vizingiti na vipima muda. Panga mnyororo wa rezista kutoka volti 12 hadi ardhi (volti 0): kilo-omu 10, omu 330, omu 330, kilo-omu 10. Katikati utapata volti 6 za kituo, ambazo uzitulize kwa kapasita ya maikrofaradi 10, na pembeni utapata vizingiti vilivyo takriban volti 0.19 juu na chini yake. LM339 ina vilinganishi vinne, viwili kwa kila mhimili. Viunganishe ili toleo la mhimili lishuke kasi inapovuka kizingiti chochote, nalo livutwe juu hadi volti 5 kwa rezista ya kilo-omu 4.7.

Kila mshuko wa ishara huamsha upya kipima muda cha 74HC123, ambacho nimekiweka kwenye milisekunde 5. Kanuni ya kukokotoa muda huu hutofautiana baina ya watengenezaji, kwa hiyo upime kwa osiloskopu. Hapa mafundi wengi hujikwaa kwa kuunganisha mihimili yote miwili kwenye kipima muda kimoja. Katika kuchora duara, kioo kimoja kinapogeuka kingine huwa kwenye kasi kubwa, hivyo laini ya pamoja hukaa chini daima, haishuki tena, na leza huzimika pasipo sababu. IC hii ina vipima muda viwili, basi kila mhimili uwe na chake, na matoleo yao yakutane kwenye lango la AU, linalotoa ruhusa ya leza kuwaka iwapo angalau kipima muda kimoja bado kinahesabu. Faida ya kutegemea mshuko ni kwamba waya uliokwama juu au chini hauleti mshuko wowote, na giza huingia lenyewe. Mstari unaotambaa polepole nao utazimwa. Mwombe mwenye kuandaa onyesho abadilishe mchoro, usiregeze kizingiti.

Hatua ya 4: Kata kwa njia mbili. Njia ya haraka ni 74HC4053, ambayo ina swichi tatu, zinazotosha nyekundu, kijani na buluu. Ruhusa ikikosekana, kila swichi iunganishe ingizo la draiva (saketi inayoilisha leza umeme) na ardhi, na uweke rezista ya kilo-omu 10 kutoka ingizo hilo hadi ardhi, ili hata waya ukikatika draiva isome sifuri. Hakikisha kwanza kwamba kwa draiva yako sifuri ni giza. Njia ya pili ni rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, inayokata umeme wa draiva. Ni nzito, huchukua milisekunde kadhaa, lakini ndiyo itakayokuokoa swichi ikiungua.

Hatua ya 5: Kitanzi. Ufunguo, kitufe cha dharura na swichi ya kifuniko vifuatane katika mzunguko mmoja unaofungwa vikiwa salama. Hewa ya bahari huku kwetu hula viungio, na kiungio kilicholiwa kinapaswa kuleta giza. Rilei ijishikilie kwa mguso wake, ili umeme ukikatika na kurudi leza isiwake mpaka mtu abonyeze kitufe.

Hatua ya 6: Jaribu. Anza na LED mahali pa leza. Chomoa waya za mrejesho, kisha plagi ya vioo, kisha volti 12, kisha volti 5, kila mara ukipima muda wa kuzima. Ukimaliza, washa leza kwa nguvu ndogo ikielekea ukuta mweusi, ukiwa na miwani inayokinga rangi zote tatu, kwani ile inayokinga kijani pekee haizuii buluu. Jaribio la kuchomoa plagi ya vioo hulirudia kila nifikapo ukumbini, kabla wageni hawajafunguliwa mlango.